Sura ya Nne: Nani Anaweza Kusubiri?

Mwanafunzi wa uchumi wa mwaka wa kwanza hukutana na mistari miwili kabla hajazoea hata njia ya kwenda maktaba. Mmoja unashuka, wa mahitaji; mwingine unapanda, wa ugavi. Mhadhiri anatia nukta pale inapokatana, anasema bei ni hapo, anafuta ubao na kuanza mchoro mwingine. Waliotoka mchepuo wa EGM au ECA wanatikisa kichwa, hayo wameyaona tangu kidato cha tano. Wa HGE nao wanakumbuka, ila hesabu za kutafuta mteremko wa mstari zinawatoa jasho, maana BAM, somo la hisabati za msingi, waliisoma ili wafaulu tu. Jioni kila mtu anakimbilia kitini. Na kwenye kitini, kama ilivyo kwenye vitabu vikubwa kilimonakiliwa, mifano ni piza, aiskrimu na tiketi za sinema.

Mtoto wa Litembo au wa Liuli akisoma hayo anaweza kudhani somo hili lilitungwa kwa ajili ya watu wengine. Si kweli. Alfred Marshall, profesa wa Cambridge ambaye kitabu chake cha mwaka 1890 ndicho kilichoifanya michoro ile kuwa chakula cha kila siku cha wanafunzi, alipofika mahali pagumu kuliko pote, yaani kueleza bei inaundwaje, aliwaendea wavuvi. (Ni yeye pia aliyetuzoesha kuweka bei kwenye mhimili wa wima, jambo linalowakera wanahisabati hadi leo.) Marshall alisema huwezi kujibu swali la bei mpaka kwanza useme unazungumzia muda gani. Bei ya samaki ya leo inategemea hali ya hewa ya jana usiku. Bei ya mwaka mmoja au miwili, tuseme ng'ombe wamepukutika kwa maradhi na watu wamehamia kwenye samaki, inategemea kama kuna watu na vyombo vya kuongeza uvuvi. Bei ya kizazi kizima ni habari nyingine kabisa.

Muda, basi, umo ndani ya somo hili tangu mwanzo. Kinachokosekana kwenye kozi ya utangulizi ni swali moja ambalo michoro hailiulizi: kati ya muuzaji na mnunuzi, nani anaweza kusubiri? Nchi inayoanzia milima ya Umatengo na kuteremka hadi ufukwe wa Ziwa Nyasa inalijibu swali hilo kwa njia mbili tofauti kabisa. Chini kuna samaki, ambaye hawezi kusubiri. Juu kuna kahawa, ambayo inaweza kusubiri, lakini mwenyewe hawezi.

Asubuhi mwaloni

Dagaa wa Nyasa huvuliwa usiku kwa taa. Zamani zilikuwa karabai, siku hizi nyingi ni taa za betri na za sola. Taa huwavuta dagaa juu, nyavu zinawazoa. Mwezi unapokuwa mpevu taa haifui dafu, ziwa lote limeshaangazwa, na wavuvi wengi hupumzika au kuvua kidogo. Kwa hiyo ugavi wa dagaa unafuata kalenda ya mwezi, na mwanafunzi anayetafuta mfano wa mstari wa ugavi kuhama kutoka mahali pake hana haja ya kubuni. Aangalie juu tu.

Sasa ni asubuhi, mitumbwi imeingia Mbamba Bay. Gharama zote zimeshatumika: mafuta yamechomwa, nyavu zimechanika zilipochanika, vijana wa mtumbwi wanasubiri mgawo wao baada ya tajiri mwenye chombo kutoa fungu lake. Hata bei ikianguka hadi nusu, samaki hawarudishwi majini. Hata ikipanda mara mbili, hawaongezeki leo. Kwenye karatasi hali hii huchorwa kwa mstari wa ugavi uliosimama wima, na wanafunzi hukariri kwamba ni hali ya nadra. Kwenye mwalo wowote wa ziwa hili ni hali ya kila siku.

Mchuuzi, mama wa makamo, anasimama mbele ya ndoo, anageuza dagaa kwa mkono, hasemi bei.

"Dada, hawa ni wa sasa hivi," anasema kijana wa mtumbwi.

"Naona, kaka. Jua nalo naliona."

Hapo hakuna cha kuongeza. Kijana anajua kwamba saa nne dagaa hawa hawatakuwa hawa, na mama anajua kwamba anajua. Anachoweza kijana ni kumtazama mchuuzi wa pili, na wa tatu. Wakiwa wengi mwaloni, wao kwa wao watapandishiana. Wakiwa wachache, ataula wa chuya kwa uchache wao. Bei haishuki kwa sababu mama ana roho mbaya. Inashuka kwa sababu yeye anaweza kwenda nyumbani bila dagaa akapika maharage, na maharage Umatengo ni tele, lakini kijana hana pa kwenda na ndoo.

Kuna njia moja ya kumpunguzia mnunuzi nguvu: kuanika. Dagaa wakikaa juani kwenye mchanga au kwenye chanja hadi wakauke, wanaweza kungoja wiki, wakasafiri hadi Songea na mbali zaidi. Anayeanika anafanya zaidi ya kukausha. Ananunua muda, na malipo yake ni jua na kazi, ambayo kwa sehemu kubwa ni ya wanawake. Ndiyo maana masika ni mabaya kwa wavuvi maradufu. Mvua ikinyesha siku tatu mfululizo, chanja hazina maana, wote wanalazimika kuuza wabichi siku ileile, na bei inaporomoka hata kama usiku haukuleta samaki wengi kuliko kawaida. Mwanafunzi atakayeeleza kwenye mtihani kwamba mvua inaweza kushusha bei ya samaki bila kuongeza samaki hata mmoja atakuwa ameelewa kitu ambacho michoro mingi ya kitini inakificha.

Barabara

Wilaya ya Nyasa ilimegwa kutoka Mbinga mwaka 2012, na makao yake makuu ni Mbamba Bay. Kwa miaka mingi njia ya kati ya miji hii miwili ilikuwa ya udongo, inajikunja kuteremka mlima, na masika utelezi uliwaweka abiria njiani usiku kucha. Sasa ni lami, takribani kilomita 66, na kutoka Mbinga lami inaendelea hadi Songea.

Wachumi wana kanuni nyepesi hapa: bidhaa ileile katika masoko mawili haipaswi kutofautiana bei zaidi ya gharama ya kuitoa huku na kuipeleka kule. Ikitofautiana zaidi, mtu ataona faida na kuibeba. Barabara mbovu huruhusu tofauti kubwa: samaki wa bei ya kutupa ufukweni, samaki wa anasa mlimani. Barabara nzuri huzivuta bei zikaribiane. Utafiti mashuhuri kuliko zote kuhusu jambo hili haukuhusu barabara bali simu, na ulifanywa kwa wavuvi wa dagaa wa jimbo la Kerala, India. Robert Jensen alionyesha mwaka 2007 kwamba simu za mkononi zilipofika ufukwe ule kati ya 1997 na 2001, wavuvi walianza kuuliza bei za fukwe jirani wakiwa bado majini. Samaki waliokuwa wakitupwa kwa kukosa wanunuzi wakaacha kutupwa, faida ya wavuvi ikapanda kwa asilimia 8 hivi, na bei kwa mlaji ikashuka kwa asilimia 4 hivi. Pande zote mbili zilipata, na hilo ni adimu kwenye uchumi kiasi kwamba utafiti huo husimuliwa karibu kila darasa.

Lakini usiubebe mzimamzima ukautua Nyasa. Barabara inaposogeza mbasa wa Mbamba Bay hadi mezani Songea, mvuvi anapata bei nzuri zaidi na mlaji wa Songea anapata samaki kwa nafuu zaidi. Anayebaki ni mlaji wa Mbamba Bay, mwalimu, nesi, mama ntilie, ambaye sasa anashindana na wanunuzi wenye magari. Kwake samaki amepanda bei akiwa hapohapo ziwani. Kitabu kitasema jumla ya ustawi imeongezeka, na ni kweli. Kwamba walioongezewa watamfidia aliyepunguziwa, kitabu hakisemi, na barabarani sijasikia.

Na kuna hesabu ya muda mrefu ambayo Marshall hakuipa uzito. Bei nzuri mwaloni inaleta mitumbwi zaidi ziwani. Kila mvuvi mpya anahesabu atakachopata, hahesabu atakachowapunguzia wenzake, na mwishoni wote wanavua zaidi kwa jasho zaidi na kupata kidogo. Scott Gordon wa Kanada aliliandika hili kwa hesabu mwaka 1954. Elinor Ostrom alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2009 kwa kuonyesha kwamba jamii nyingi duniani zimeweza kujiwekea kanuni na kuepuka janga hilo bila kungoja serikali wala kuuza ziwa kwa mtu mmoja. Vikundi vya usimamizi wa mialo (BMU) kwetu vimejengwa juu ya matumaini hayohayo. Tutarudi kwao katika sura inayohusu mali ya pamoja.

Kupanda mlimani

Kutoka ziwani unapanda zaidi ya mita elfu moja hadi kwenye vilele vya Umatengo, na uchumi unabadilika kama hewa inavyobadilika. Wamatengo walibanwa kwenye miteremko hii mikali karne ya 19, Wangoni walipotanda Ruvuma. Wakiwa wengi kwenye ardhi kidogo iliyolala wima, walikamilisha kilimo cha ngolo: nyasi hufyekwa na kulazwa kwa mistari inayokatana, udongo unachimbwa katikati na kufunika nyasi, mlima mzima unakuwa matuta na vishimo kama sega la nyuki. Maji ya mvua yanaingia vishimoni badala ya kukimbia na udongo. Juu ya matuta maharage hupandwa mwishoni mwa masika, na mahindi hufuata msimu wa mvua unaokuja.

Mchumi wa Denmark Ester Boserup aliandika mwaka 1965 kwamba watu wanapobanana kwenye ardhi hawafi njaa tu kama Malthus alivyotisha. Hubuni njia za kuipa ardhi ileile kazi zaidi na kuvuna zaidi. Ngolo ni mfano wa wazi kuliko mingi anayoitaja mwenyewe. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine na wa Kyoto, Japani, waliifuatilia kwa miaka mingi kuanzia miaka ya 1990, na mashamba hayo yanajulikana duniani kwa kuzuia mmomonyoko.

Kwa somo letu ngolo ina funzo la gharama mbadala, lile la wiki ya kwanza ambalo kila mtu hudhani ameelewa. Kwa desturi mwanamume hufyeka na kulaza nyasi, mwanamke huchimba. Uchimbaji ndio mzigo, na hauna malipo. Mwanafunzi akiandika kwamba gharama ya kazi hiyo ni sifuri kwa kuwa hakuna mshahara, amekosea. Siku ya kuchimba ngolo ingeweza kuwa siku ya kupalilia kahawa au ya kwenda gulioni, na kile kilichoachwa ndiyo gharama. Anayeilipa ni mama huyo, na hakuna daftari la chama cha msingi linaloiandika. Nadhani hapa ndipo mipango mingi ya kuongeza kahawa Mbinga ilipokwama: ilihesabu mbolea, dawa na miche, ikasahau saa za watu.

Kahawa ya arabika ilianza kulimwa Umatengo enzi za Waingereza, miaka ya 1920, na ndiyo iliyoezeka nyumba kwa bati na kusomesha watoto. Mche unachukua takribani miaka mitatu kabla ya kuzaa vya kutosha. Bei ikipanda leo, mkulima hawezi kuongeza kilo hata moja zaidi ya zile zilizo mtini. Anachoweza ni kupanda, na atakapovuna, bei iliyomfanya apande itakuwa imeshapita. Nicholas Kaldor aliuchora mzunguko huo mwaka 1934. Mistari yake inazunguka kuelekea nukta ya msawazo au kuikimbia, mchoro ukafanana na utando wa buibui, na jina hilo likabaki.

Aliyetaka kuuona utando huo kwa macho angekaa Mbinga tu. Baridi kali ilipoua kahawa ya Brazil mwaka 1975, bei ya dunia ilipaa hadi kupita dola tatu kwa ratili mwaka 1977. Mwaka 1989 makubaliano ya kimataifa ya kugawana mauzo yalivunjika na bei ikaanguka. Mwaka 1994 baridi ya Brazil ikarudi, bei ikapanda tena. Wakati huo Vietnam ilikuwa imepanda miche kwa mamilioni, na ilipovuna, bei ya arabika New York ilifika chini ya senti 50 za dola kwa ratili mwanzoni mwa miaka ya 2000. Mapema mwaka 2025 ilipita dola nne. Tanzania inazalisha chini ya asilimia 1 ya kahawa yote ya dunia, na Mbinga ni sehemu tu ya hiyo. Katika mambo hayo yote mkulima wa Mbinga hakuwa na neno. Alipokea bei, na kitabu kinamwita hivyohivyo: mpokea bei.

Magoma

Tofauti na dagaa, kahawa iliyomenywa, ikaoshwa na kukaushwa vizuri, ikiwa bado ndani ya ganda lake, inaweza kukaa ghalani miezi bila kuharibika. Kwa hesabu ya mwaloni, mkulima wa kahawa alipaswa kuwa na nguvu kuliko mvuvi. Akiambiwa bei mbaya, arudi nyumbani na gunia lake.

Sasa tazama kalenda ya nyumba moja ya Umatengo. Shule zinafunguliwa Januari. Mahindi ya mwaka jana yanakaribia kwisha, ya mwaka huu bado machanga. Kahawa inahitaji mbolea na dawa ya kuzuia chulebuni, kwa sababu mvua ndiyo inayoleta ugonjwa. Yote haya yanataka fedha kati ya Januari na Machi. Kahawa inaanza kuvunwa katikati ya mwaka, na fedha yake, kama inapitia chama na mnada, inakuja baadaye zaidi. Katikati ya haja na malipo kuna miezi sita au zaidi.

Katika pengo hilo ndipo anaposimama mtu wa magoma. Huko Mbinga hilo ndilo jina la biashara hiyo; Kagera huiita butura. Mwenye fedha anampa mkulima fedha leo, na mkulima anaahidi kumpa kahawa msimu ukifika, kwa bei waliyokubaliana leo. Hakuna karatasi, au kuna karatasi ya daftari iliyokunjwa mara nne.

Tupige hesabu kwa namba za mfano. Februari mwenye fedha anatoa shilingi 2,000 kwa kila kilo atakayopewa. Kwa kilo 100 mkulima anapokea shilingi 200,000. Agosti, siku ya kukabidhi, kahawa hiyo sokoni ni shilingi 5,000 kwa kilo, yaani shilingi 500,000. Mkulima amelipa shilingi 300,000 kwa kutumia 200,000 kwa miezi sita: riba ya asilimia 150. Benki ingetoza hivyo, wabunge wangesimama. Magoma haitangazi riba, inatangaza bei, na mtu anayepewa bei huona ameuza. Haoni kwamba amekopa.

Wengi humalizia hapa kwa kusema mkulima hajui hesabu. Mimi sikubaliani. Mkulima huyo anajua vizuri kahawa itakuwa bei gani Agosti kuliko wanavyojua maafisa wengi. Anachojua pia ni kwamba mtoto akikosa shule Januari, fedha ya Agosti haimrudishii ule mwaka. Benki inataka dhamana, na shamba lake linamilikiwa kimila. Hati ya kimila ipo kisheria tangu Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, lakini wakulima wengi hawajaipata, na hata aliye nayo hapokewi kila dirisha. Kozi ya utangulizi inachukulia subira kama ladha: kuna wanaopenda leo kuliko kesho, kama wanaopenda chai kuliko kahawa. Mbinga subira ni mali. Wenye mali nyingine wanayo, wasio nayo wanaiuza kwa bei ya kutupa.

Tumtendee haki na mwenye fedha. Naye anabeba hatari: ugonjwa unaweza kupiga, mvua inaweza kukata, mkulima anaweza kuahidi kahawa ileile kwa watu watatu. Bei ya dunia ikianguka kati ya Februari na Agosti, hasara ni yake, mkulima ameshakula. Na kwa kuwa viongozi wamekuwa wakipiga marufuku magoma na butura mara kwa mara, hawezi kwenda kokote kumdai anayemkimbia. Kila tishio la marufuku linaongezwa kwenye bei. Hili ni jambo la somo la kwanza kabisa la ugavi: ukizuia wauzaji wa kitu ambacho wanunuzi bado wanakihitaji, wanaobaki ni wachache na bei yao ni kubwa. Kitu hapa ni fedha ya Februari.

Kwa nini fedha ya Februari ilipotea? Ilikuwepo. Kabla ya soko kufunguliwa, chama kikuu cha ushirika, ambacho Mbinga kilikuwa MBICU, kilinunua kahawa peke yake. Joan Robinson aliliandikia soko la mnunuzi mmoja mwaka 1933, na hukumu ya vitabu tangu hapo ni kwamba mnunuzi wa namna hiyo hulipa kidogo. Ushirika ulilipa kidogo, na kwa kuchelewa. Lakini kwa sababu ulikuwa mnunuzi pekee, uliweza kumkopesha mkulima mbolea na dawa, ukijua kahawa haina mlango mwingine wa kutokea. Deni lilikatwa mizanini. Katikati ya miaka ya 1990 wanunuzi binafsi wakaruhusiwa, wakaja na fedha taslimu wakati bei ya dunia iko juu. Mkulima akapata bei nzuri siku hiyohiyo. Pia akapata njia ya kuuza kwa mwingine na kuliacha deni la ushirika likining'inia. Ushirika ulielemewa na madeni, ukasimama, na mikopo ya pembejeo ikasimama nao. Ushindani ulipandisha bei ya kahawa na kuua mkopo kwa mkono uleule. Sijui mfano bora zaidi wa kumwonyesha mwanafunzi kwamba soko la bidhaa na soko la mkopo huwa yamefungwa kamba moja.

Mwaka 2018 Serikali iliagiza kahawa irudi kupita kwenye vyama vya msingi, AMCOS, na kuuzwa kwa mnada. Hoja ilikuwa kumwondoa mtu wa kati. Kwenye bei, mnada wenye wanunuzi wengi ni hatua nzuri. Ila mtu wa kati alikuwa anauza vitu viwili, usafiri na muda, na mnada unachukua nafasi ya cha kwanza tu. Kadiri malipo ya AMCOS yanavyochelewa, ndivyo magoma inavyopata wateja. Stakabadhi ya ghala, iliyopewa sheria yake mwaka 2005, ingeweza kuwa dhamana ya kukopea, lakini stakabadhi hutolewa kahawa ikishafika ghalani, na wakati huo njaa ya Februari ilishapita. Kwa maoni yangu kinachohitajika ni mkopo wa miezi sita unaotolewa kijijini mwanzoni mwa mwaka na kukatwa mnadani, pamoja na malipo yanayotoka ndani ya siku chache. Bila hivyo, kila marufuku mpya itakuwa tangazo la bure kwa wenye magoma.

Mwanafunzi hana haja ya kuwashangaa wazee wake. Yeye mwenyewe, kama ni mnufaika wa Bodi ya Mikopo, anajua wiki za mwisho kabla bumu, yaani fedha ya kujikimu, halijaingia. Anakula kwa jina kwenye kibanda, anakopa kwa mwenzake, na bumu likiingia nusu yake ina wenyewe. Anaijua bei ya kutoweza kusubiri.

Kwenye mtihani ukiulizwa bei inaamuliwa na nini, chora mistari yako miwili, tia nukta, andika ugavi na mahitaji. Mhadhiri ana mwongozo wa kusahihishia na hatakupa alama kwa ajili ya magoma. Kudisko kwa ajili ya ukweli hakuna faida kwa yeyote. Ila likizo ukirudi, nenda ofisi ya AMCOS ya kijijini kwenu, umwamkie katibu, umwombe akuonyeshe daftari la msimu uliopita. Andika tarehe tatu: siku kahawa ilipopokelewa, siku iliponadiwa, siku mkulima alipolipwa. Kisha waulize wakulima wawili watatu walihitaji fedha mwezi gani. Tofauti ya tarehe hizo ndiyo data ambayo Mbinga inaihitaji kuliko mchoro mwingine wowote, na anayeweza kuikusanya bila kutiliwa shaka ni wewe uliyezaliwa hapo.